Nyekundu Ipi?

Ndugu zangu, kabla hatujasimama kuimba, twendeni kidogo kwenye barabara ya mlimani. Madereva mlioko humu msinicheke nikikosea jina la kifaa. Mimi gari najua kupanda na kushuka tu.

Dereva mmoja alikabidhiwa lori na mama mkwe wake. Nimesema mama mkwe, na naona wanaume waliooa wameanza kukaa vizuri kwenye mabenchi. Lilikuwa lori la marehemu baba mkwe. Yule mama alikuwa na watoto wake wa kiume wenye leseni, lakini aliwaruka wote, akampa funguo mume wa binti yake. Akamwambia, "Baba, hili ndilo shamba nililobakiwa nalo. Nilimie vizuri." Toka siku hiyo yule bwana hakuendesha kwa raha. Akisikia mlio asioujua, hata kama ni ndoo inagonga nyuma, anashuka kuangalia.

Lori lenyewe lilikuwa otomatiki. Halina klachi. Unaweka gia mara moja, kisha lenyewe linabadilisha huko ndani kwa akili zake. Madereva wenzake, waliozoea kupigana na gia mpaka bega linauma, walimtania kwamba anaendesha sofa. Alicheka nao. Lakini habari za ndani za lori lile hakuzijua. Mafuta ya gia boksi yake alijua ni mekundu, basi. Na ninyi mnaocheka, wangapi mnajua zaidi ya hapo?

Nimewauliza mafundi, wakaniambia mafuta hayo wao huyaita haidroliki, na karibu yote ni mekundu kama juisi ya rosela. Lakini hayafanani. Haya ni ya gia boksi hii, yale ni ya ile, mengine ni ya usukani. Ukichungulia kwenye kopo huoni tofauti hata ukivaa miwani. Gia boksi ndiyo inayoiona.

Siku hiyo alikuwa amebeba nyanya. Zilikuwa za mama mkwe na za akina mama majirani zake, waliompa mavuno yao kwa sababu walimwamini yule mama. Na nyanya, mnajua wenyewe, haimsubiri mtu. Alipofika katikati ya mlima akasikia injini inapiga kelele nyingi na gari haliendi. Akakanyaga zaidi, kelele zikaongezeka, lori likatambaa kidogo likagoma. Akashuka. Akakuta mstari mwekundu kwenye lami, unamfuata toka kona ya chini. Mpira unaopitisha mafuta ya gia boksi kwenda mbele kupozwa ulikuwa umesuguana na chuma ukatoboka.

Kuufunga alijua. Alikata kipande kibovu, akaunga, akakaza kwa kibanio. Lakini mafuta yalikuwa yamebaki barabarani. Akakata matawi, akayapanga nyuma ya lori, akakaa kwenye jiwe.

Mtu atauliza, simu hakuwa nayo? Alikuwa nayo, na mtandao ulikuwepo. Ampigie nani sasa? Mwenye gari ni mama mkwe. Na mkwe hapigiwi simu ya shida. Mkwe anapigiwa kuambiwa tumefika salama, watoto hawajambo, mama yao anakusalimu. Aanze vipi kumwambia, "Mama, lori lako limenizimikia mlimani, na wala sijui linakunywa nini"? Aliona ni heri alisukume kwa mikono mpaka juu. Mnanitazama hivyo, kwani ninyi mngepiga?

Barabara ile ina desturi yake nzuri. Dereva hayapiti matawi ya dereva mwenzake. Basi akaja wa kwanza, mtu wa lori la mbao, akasimama.

"Pole, ndugu yangu. Tatizo nini?"

"Gia boksi imemwaga mafuta."

"Yale mekundu?"

"Mekundu."

"Umeshapona." Akarudi garini kwake, akaleta chupa ya mafuta aliyokuwa akiongezea kwenye usukani wake. Hakuwa na nyingine. Aliitoa yote.

Akaja wa pili, mzee wa lori la viazi. Huyo naye alikuwa na nusu dumu, nyekundu vilevile, aliyokuwa anampelekea shemeji yake. Akasema shemeji atasubiri. Yule dereva alipotaka kumshukuru, mzee akamkatiza, "Usinishukuru, mwanangu. Barabara ni yetu sote." Dereva akageuka pembeni, akajifanya anafuta vumbi usoni. Alikuwa amekaa pale akidhani yuko peke yake duniani.

Wapendwa, nataka mnisikie vizuri hapa. Watu hawa walikuwa wema. Mtu asije akatoka hapa akasema mchungaji kawasema vibaya wenye lori la mbao na viazi. Ningekwama mimi, ningeomba wapite hao.

Wameshakata chupa ya maji kuifanya faneli, wanafungua kifuniko, akasimama wa tatu, mwenye kigari kidogo cha mizigo. Nyuma alikuwa na galoni zima la haidroliki, halijafunguliwa. Wote waliliona. Yule wa mbao akamwambia, "Umekuja wakati wake. Lilete hapa."

Yule bwana hakulileta. Akamuuliza dereva, "Gari lako linatumia ipi?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ipi?"

Dereva akaitazama chupa, akalitazama dumu. Mzee wa viazi akacheka. "Nyekundu ni nyekundu, bwana. Kwani damu ziko ngapi?"

"Damu ziko nyingi, mzee," akajibu yule bwana. "Ndiyo maana hospitali hawakuongezei mpaka wakupime." Akamgeukia dereva tena. "Galoni hili ninalo, na sikunyimi. Ila sijui kama ndilo lake, na wewe hujui. Nani anayelijua gari hili?"

Dereva akasema kwa sauti ndogo, "Mama mkwe wangu."

Hapo wote wakacheka, hata yeye mwenyewe. Lakini yule bwana akasema, "Mpigie. Nitakaa na wewe mpaka apokee."

Sasa tumtazame yule dereva. Simu iko mkononi, jina la mama mkwe liko pale juu. Mbele yake wamesimama watu wawili waliomwonea huruma, wameshikilia vyombo vyao, mafuta yanawadondokea mikononi. Atawaambiaje wasubiri kwanza aulize kama zawadi yao inafaa? Kwetu sisi, mtu akikupa kitu kwa moyo, ukianza kukikagua umemtukana. Na upande wa pili, mkwe. Alisimama hapo katikati ya haya mbili. Akairudisha simu mfukoni, akasema, "Mimineni tu, ndugu zangu. Mungu atawalipa."

Yule wa tatu hakubishana. Akampa pole, akapanda kigari chake, akaondoka na galoni lake. Nyuma walimsindikiza kwa maneno. Mzee akasema, "Huyo ni mkono wa birika. Galoni zima, halafu anatuletea habari za hospitali." Na dereva, Mungu amsamehe, naye akatikisa kichwa kukubali.

Wakamimina ya usukani, wakamimina ya shemeji. Lori likawaka, likashika, likapanda. Wale wawili wakapiga honi kumuaga. Dereva akapandisha huku anaimba, anawaza kwamba mkwe hatajua lolote, na mpira ataubadilisha kimyakimya mjini.

Alikuwa bado hajafika kileleni lori lilipoanza kutetemeka. Akadhani ni barabara. Kisha akasikia harufu ya kuungua. Kisha injini ikapiga kelele zake peke yake, na magurudumu yakawa hayana habari nayo. Akajaribu mbele, likagoma. Akajaribu nyuma, likagoma. Gia boksi ilikuwa imekwisha. Jua lilikuwa limepanda, na nyanya za akina mama zilianza kutoa maji chini ya turubai.

Ndipo alipopiga.

Mama mkwe alikuja kwa bodaboda, kanga mabegani. Dereva akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeumia?"

"Hapana, mama."

Akamshukuru Mungu kwanza. Kisha akaenda mwenyewe kwenye injini, akavuta kijiti cha kupimia mafuta ya gia boksi, akakinusa. Akakirudisha polepole. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, akalia, mbele ya mkwewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwenye msiba wa mumewe. Aliliita lori "shamba" kwa sababu kweli lilikuwa shamba. Hakuwa na lingine.

Dereva akasema, "Nilikuonea haya, mama."

Yule mama akajifuta. "Marehemu baba mkwe wako alipokuwa kwenye uvungu wa gari, nani alikuwa anatumwa dukani? Jina la mafuta hayo nalijua kama ninavyolijua jina lako. Ungeniuliza ningekujibu hujamaliza kuuliza." Akaelekeza kidole kwenye injini. "Ulipewa na nani haya?"

Akamweleza. Akawasifu wale wawili, wasamaria wema wa mbao na viazi. Akamlaumu yule wa tatu, mchoyo mwenye galoni zima.

"Huyo mchoyo alisemaje?"

"Aliniuliza nyekundu ipi, mama. Akasema nikupigie, atakaa na mimi mpaka upokee."

Mama akamtazama. "Basi, baba, katika hao watatu, aliyesimama ni huyo."

Ndugu zangu, tuache barabara sasa. Turudi humu ndani, kwenye mabenchi haya.

Kwanza niseme na wewe uliyekwama. Upo, nakuona, umepanga matawi yako na unatuambia huko nje kwamba unapumzika tu. Haya uliyonayo unaiita heshima. Unamheshimu mzazi, unamheshimu mume, unamheshimu mchungaji, kwa hiyo huwaambii kitu. Yule mama angependelea heshima hiyo, au angependelea lori lake? Piga simu, ndugu yangu. Anayekupenda hatahesabu kwamba umemkosea adabu.

Lakini hilo ni dogo leo. Kubwa ni letu sisi tuliosimama na vyombo mikononi.

Dada yetu mmoja wa kanisa hili amezika kichanga. Simtaji, mnamjua. Mnajua desturi yetu: kichanga hakitangaziwi, akina mama wachache wanaamka alfajiri, wanakizika, jua likipanda watu wako shambani. Ila baadaye mlikwenda kwake, na nawasifu kwa kwenda. Hakuna aliyeyapita matawi yake. Mmoja akamwambia, usilie, wewe bado binti, utapata mwingine. Mmoja akamwambia Mungu amejichukulia malaika wake. Mwingine akamwambia afadhali kimeondoka kikiwa kidogo, hujakizoea. Mwingine akamwambia machozi mengi ni kumkufuru Mungu. Ninyi mnaoinamisha vichwa, msiiname. Hakuna aliyemmiminia sumu. Wote mlimimina nyekundu, na mlimimina kwa upendo. Na yeye aliwapokea wote, akawashukuru wote, kwa sababu zawadi haikaguliwi.

Toka wakati huo nafasi yake pale karibu na dirisha iko wazi. Tumekuwa tukiulizana, mbona haji, mbona anakata tamaa wakati tulimfariji vizuri?

Wiki hii nilikwenda. Nilikaa naye chini, kisha nikamuuliza anahitaji nini kutoka kwetu. Akasema hahitaji kitu, watu wamemtendea mema, hana lawama. Kuna jambo moja tu linamshangaza, na ameniruhusu niwaambie. Anasema mtoto wake mlimwita kichanga. Mlimwita malaika. Mlimwita kale katoto. Mtoto yule alikuwa na jina. Baba yake alimpa angali tumboni, wakawa wanamwita kwa jina hilo usiku wakizima taa. Watu wote hawa wameingia nyumbani kwake na kutoka, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtoto wake anaitwa nani.

Mimi nilimuuliza, akaniambia. Alilitamka, kisha akalitamka tena, na ndipo kwa mara ya kwanza nilimwona analia kama mtu anayepata nafuu.

Jina lenyewe sitawatajia. Tukimaliza wimbo, anayetaka kwenda kwake aende mikono mitupu, akae chini, akamuulize mwenyewe.