Shati Safi Langoni

Mtu mmoja, Kashindi, alikuwa na mke, shamba la mihogo, na jirani mbaya: chui. Chui huyo alianza na mbuzi. Kisha akambeba mtoto wa nyumba ya pili. Siku alipoingia kwa Kashindi mwenyewe na kumrarua mkewe bega, Kashindi hakungoja ushauri wa mtu. Alifunga kifurushi, akamshika mkewe, Sifa, mkono, wakakimbia.

Ng'ambo ya mto palikuwa na boma la tajiri, lenye ukuta mrefu na lango moja. Tajiri alikuwa ametangaza kila mahali: "Anayekimbia mnyama, kwangu ni kwake." Maneno matamu kama asali. Lakini langoni hakukaa yeye, aliweka bawabu. Nami shule sikuifikisha mbali, ila mtu akisema karibu huku ameweka bawabu, hilo halihitaji mwalimu.

Sasa sikieni kosa la Kashindi, na msimcheke, maana hata ninyi mngelifanya. Mama zenu waliwalea hivyohivyo. Kwao mtu haendi kwa watu na uchafu wake. Walipofika mtoni wakaoga. Kashindi akatoa kwenye kifurushi shati lake la Jumapili, akalinyoosha kwa viganja. Sifa akafunga bega kwa kitenge, akajipaka mafuta, akameza kilio chake, kwa sababu kulia mlangoni pa mtu ni kumletea mkosi. Wakapiga hodi waking'aa kama maharusi.

Bawabu akawapima kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mnatoka harusi ya nani?"

"Tunamkimbia chui, bwana. Mke wangu ameumia."

"Chui gani huyo muungwana, anawasubiri watu wapake mafuta? Nendeni zenu. Anayekimbia kweli tunamjua kwa kumtazama."

Kashindi hakuwa mjinga. Walirudi mtoni. Akajigaragaza topeni, akalichana lile shati mpaka likawa tambara. Akamfungua Sifa kidonda, akamwambia alie. Hapo hakukuwa na la kumfundisha. Kilio alikuwa nacho tangu nyumbani. Wakarudi langoni, sasa wakitisha hata mbwa.

Bawabu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Aa, bwana harusi! Asubuhi unanukia, mchana unaoza? Habari yako imebadilika, ndugu yangu. Mwongo hatumpokei."

Akafunga.

Nyuma yao chui, mbele yao ukuta. Wakaketi pale pale chini ya lango, Sifa amemwegemea mumewe, bega limevimba. Jua lilipoinama chui akavuka mto, bila haraka, kama mtu anayejua meza yake imeandaliwa. Kashindi alilipiga lango kwa ngumi zote mbili. Akaita bwana, akaita baba, akaita kwa jina la Mungu. Bawabu alisikia vizuri sana. Alikaa kwenye kigoda chake, akatikisa kichwa, akasema watu hawa sasa wamejifunza hata kupiga kelele.

Kulipokucha akafungua. Akaziona nyayo, pana na wazi, kwenye udongo wenye unyevu. Akaiona damu. Akamwona Kashindi ameketi peke yake, ameshika pindo la kitenge. Bawabu akavua kofia. Akapanua lango lote, mbao mbili, kama lifunguliwavyo kwa wageni wa heshima.

"Sasa nimekuamini," akasema. "Pita, ndugu yangu."

Haya, ninyi mliotundika vyeti ukutani, nijibuni mimi niliyeishia darasa la nne: bawabu asiyefungua lango mpaka chui ashibe, ameajiriwa na nani?