Sikio Lina Mwenyewe

Inasimuliwa kwamba ugomvi ulikuwa umekwisha kupamba moto, na kilichogombewa ni mshahara wa rupia mia tano kwa mwaka pamoja na nyumba yenye kisima chake. Aliyekuwa akifoka ni Dilawari. Aliyefokewa ni shemeji yake, Lutfali mwimbaji, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye muda wote huo alikuwa akikaza nyuzi za tambura yake kana kwamba anayefokewa ni jirani.

"Wallahi, shemeji, usingekuwa mume wa dada yangu ningekuacha ufe na njaa yako! Nani amekwambia useme uongo? Hata mdomo hufungui! Waziri atatangaza, 'Huyu ni mwanafunzi wa marehemu Ustadh Kalbe Shahi.' Wewe unashika sikio, basi. Mkono tu!"

Huko Bara Hindi, tangu kale, mwimbaji akisikia jina la mwalimu wake hushika ncha ya sikio. Ni adabu, kama anayesema: mimi ni nani hata jina hili lipite mbele yangu nisiinamishe kichwa? Na Nawabu, mtawala wa mji wa Mirapuri, hakumpa kazi mwimbaji yeyote asiyetoka kwa ustadh mwenye jina.

"Siku ya Hesabu midomo itafungwa, mikono ndiyo itakayosema," akajibu Lutfali. "Wangu wataka useme nini?"

"Wa kwako utasema ulikuwa mtupu!"

Hapo Mehrunisa, mke wa Lutfali, akaitikia kutoka jikoni, alikokuwa akichemsha maji na chumvi. "Kaka, njaa ya mtu huyu nimeizoea. Uongo wake sijauonja, na sitaki kuanza uzeeni."

Sasa sikiliza ni nani hasa aliyemfundisha. Lutfali alikuwa yatima, akalelewa na Bibi Khairatun, mjane aliyeimba kwenye arusi za watu akalipwa makombo, na siku nyingine akisaga manjano ya kuuza. Alimwambia mtoto, "Shika sa." Sa ndiyo sauti ya kwanza, mama wa sauti zote. Mtoto akishika sa, bibi akisaga. Sauti ikisimama wima, jiwe lilizunguka. Ikitetemeka, jiwe lilinyamaza. Hakumkemea wala hakumpiga. Jiwe likinyamaza tu, mtoto alijua amekosea, akaanza upya. Akakua hivyo hadi ndevu zikamwota, na sauti yake ikawa ya kumsimamisha mpita njia akasahau anakokwenda.

Siku ya siku Lutfali akaketi mbele ya Nawabu, tambura begani. Waziri akatangaza kama walivyopatana na Dilawari: "Huyu, bwana mkubwa, ni mwanafunzi wa marehemu Ustadh Kalbe Shahi." Waimbaji waliowahi kufunzwa na marehemu wakashika masikio. Wajihi, mtoto wa marehemu, akainamisha kichwa.

Na mkono wa Lutfali ukapanda. Nisikufiche, ulipanda. Moyoni alikiona kile chungu cha maji na chumvi cha Mehrunisa, na mkono ukatoka gotini ukafika kifuani. Baraza likawa kimya likimngoja. Na katika kimya kile Lutfali alisikia jiwe limenyamaza.

Akaurudisha mkono gotini.

"Vipi," akauliza Nawabu, "mkono umeugua njiani?"

Watu wakacheka.

"La, bwana mkubwa. Ulikuwa unapotea, nikaurudisha. Sikio hili lina mwenyewe." Ndipo akalishika. "Mwalimu wangu ni Bibi Khairatun, msaga manjano."

"Basi na atuimbie mchuzi!" akadakia mmoja, na baraza zima likaangua kicheko. Waziri alitamani ardhi immeze.

Nawabu hakucheka. "Umejifungia mlango kwa mkono wako," akasema. "Hapa pangu haimbi mtu wa namna hiyo."

"Riziki iko kwa Mwenye kuigawa, bwana mkubwa."

Akatoka asiimbe hata sa moja. Dilawari, aliyekuwa akimngoja langoni, akatazama pembeni.

Lutfali akaenda moja kwa moja kwa Bibi Khairatun, akamkuta anasaga.

"Umewaimbia nini, mwanangu?"

"Hawakunipa nafasi, mama. Nilikutaja."

Jiwe likasimama. "Mjinga wewe! Si ungemtaja yule marehemu? Jina langu linanunua nini sokoni?" Kisha akajifuta macho kwa kiganja, kosa ambalo msaga manjano halifanyi. Macho yakamwasha, akacheka huku analia, na Lutfali akamnawisha.

Kesho yake mlango wa Lutfali ukabishwa. Alikuwa Wajihi, naye amekuja na mwanawe.

"Tangu baba afe," akasema, "wanafunzi wake hawaishi kuzaliwa. Kila mji nakuta wapya, wote wameshika masikio. Wewe ndiye wa kwanza kulikataa jina lake, tena una njaa. Nifundishie mwanangu."

"Nitamfundisha," akasema Lutfali. "Ila kwanza apite kwa bibi, amwamkie, alijue jiwe."

Lutfali hakutajirika. Alifundisha mpaka mwisho wa umri wake, jikoni kukapatikana dengu na mkate, na hakuna mwanafunzi wake aliyeimba kabla ya kushika sikio kwa jina la Khairatun. Majina ya waliocheka siku ile hayajatufikia.

Ewe ndugu yangu muumini, nawe una ilimu unayoheshimiwa kwayo leo, na kuna mlango uliopitia kuipata ambao hutaki watu wauone. Aliyekufundisha ana haki shingoni mwako, awe msaga manjano au mfagia uwanja. Usiniambie unamwombea kimyakimya. Mtaje kwa jina lake, mbele za watu.