Makapi Kwenye Kope

Hapo zamani, na msikohoe, si zamani ya fisi na sungura. Ni zamani ya juzi tu, ya deki na kaseti, ya jenereta inayonguruma nyuma ya kibanda. Hapo Singida alikuwepo mwanamume aliyetengeneza filamu moja tu maishani mwake.

Jina lake Leodgar Mkhandi. Serikali ilimpeleka Ulaya kusoma sinema. Aliporudi na kofia yake ya sufi, watu wakakaa mkao wa kula, wakijua sasa watapata filamu ya ngumi, ya kwao wenyewe. Thubutu! Leodgar alimpandisha mkewe juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, ungo mkononi, mtoto wao Paskali mgongoni, akamwambia, "Pepeta." Mke akapepeta, upepo ukachukua. Akamwambia, "Rudia." Mke akarudia, upepo ukachukua.

Filamu ndiyo hiyo. Haina neno hata moja. Mwanamke anapepeta uwele, makapi yanapanda, jua linapita katikati yake, yanageuka dhahabu, yanageuka moshi, yanageuka mvua inayonyesha kwenda juu, mpaka mwanamke mwenyewe humwoni tena. Akaiita Makapi.

Wakubwa waliitazama wakiwa na tai zao. Mmoja akauliza, "Very nice, lakini ujumbe uko wapi? Mbona hamna kilimo bora?" Mikanda ikatupwa stoo, ikaozea humo. Leodgar akabaki na kaseti moja.

Sasa, mji huo huo ulikuwa na kibanda cha video, na kibanda kilikuwa na DJ. Jina alilopewa na babake ni Mwinjuma, lakini mji mzima ulimwita Radi, kwa ajili ya ile sauti. Kazi yake ilikuwa kusema juu ya sinema. Sinema ikiongea Kichina, Radi anaongea Kiswahili. Sinema ikinyamaza, Radi hanyamazi. Ndiyo sheria ya kibanda: mtu halipi kiingilio atazame, analipa atazamishwe.

Siku moja basi lililoleta kaseti mpya lilikwama kwenye tope. Radi akaenda kwa Leodgar kuomba ile yake. Leodgar akasema, "Chukua, kwa sharti moja. Usiongee."

"Nimekuelewa, mzee," akasema Radi. Na kweli alielewa. Kutii ndiko kulikomshinda.

Maana watu walianza: "DJ, umelala?" "Mbona hapigwi mtu?" "Huyo mama atapepeta mpaka lini, ugali tutakula saa ngapi?" Chupa ya plastiki ikaruka. Radi akashika kipaza sauti, akasema polepole:

"Mtazameni mtoto wake. Hivi mnadhani amelala? Hajalala. Amekufa tangu asubuhi. Mama anajua. Lakini akiacha kupepeta, itabidi amfungue mgongoni. Kwa hiyo anapepeta."

Wapiga debe, wachinja kuku, wanaume wazima wenye ndevu, machozi yakawatoka.

Leodgar alikuwa amesimama mlangoni. "Amelala!" akapiga kelele. "Mtoto amelala tu, mpumbavu wewe!" Akalirukia deki, akaivuta kaseti. Radi naye akaishika. Deki likatafuna. Mpaka leo mmoja anasema deki lako ndilo lililotafuna, mwingine anasema mkono wako ndio uliovuta. Wote wawili wanasema kweli, na Makapi ikafa hivyo, haina nakala, haina picha moja iliyosalia.

Haina picha, lakini ina mdomo. Radi aliendelea kuisimulia. Kwenye msiba aliisimulia, kwenye harusi aliisimulia, kwenye foleni ya maji aliisimulia, na kila akisimulia mtoto alikufa upya. Wapiga video za harusi wakaidaka. Pakawa hapana bibi harusi Singida asiyepandishwa juu ya jiwe, kapewa ungo, akarusha maua ya plastiki angani. Waliiga filamu ambayo hawakuiona. Mji mzima ulikuwa mwanafunzi wa kitu ambacho hakipo.

Na hapo ndipo alipokulia Restituta Ntandu.

Resti alizaliwa kaseti imeshakufa. Aliisikia kwa Radi, jirani yao, aliyemwita Anko, mara nyingi mpaka akaanza kuiota. Akaenda chuo kikuu kusomea filamu. Akarudi na digrii na joho la kukodi kwenye picha ya ukutani. Akaomba kazi. Walimtaka awe fresh graduate, mwenye uzoefu wa miaka mitano. Akaomba tena. Wakamwambia we will get back to you, na huko walikoenda hawajarudi hadi leo. Baba yake mdogo, mwenye duka la pembejeo, akamwambia, "Mwanangu, sinema siyo mboga. Mimi nakuvumilia mpaka mavuno. Baada ya hapo unasimama kaunta, unapima mbolea."

Resti hakulia. Alichukua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akampandisha binamu yake Zaituni juu ya jiwe, ungo mkononi, mtoto mgongoni. Akamwambia, "Pepeta." Lakini yeye hakusimama mbele kama inavyosemekana Leodgar alisimama. Alisimama nyuma ya mwanamke, akamtazama mtoto. Makapi yalipanda, yakakaa angani, kisha yakaanza kushuka. Moja likatua kwenye kope za mtoto. La pili likatua. Mtoto hapepesi. La tatu. Mtoto hapepesi. Na hapo hapo, kabla hujajua ni usingizi au ni kitu kingine, Resti akakata.

Dakika tatu, hakuna neno. Simu ikafa baada ya kuituma filamu mitandaoni, kana kwamba imemaliza ilichokuja kufanya duniani.

Filamu ikatembea. Mwimbaji mmoja wa injili akajipaka vumbi la kumetameta kwenye kope. Waongozaji wa Dar, wale ambao kamera zao hazitulii utadhani zimeshikwa na mbwa anayekimbizwa, ghafla wakaanza kuzituliza. Kisha likaja tangazo la mafuta ya alizeti: mama anapepeta, makapi yanatua kwenye kope za mtoto, mtoto anaamka, ananusa chapati, anacheka.

Resti alipoliona alitukana kwa Kiswahili, akatukana kwa Kiingereza, akamalizia kwa Kinyaturu, lugha iliyo na nafasi zaidi.

Lakini mwenye mafuta, Bi Zuhura wa kiwanda cha kukamulia alizeti, alikuwa mtu wa haki. Aliwauliza watu wake wa matangazo wa Dar, "Hii picha mmeitoa wapi?" Wakajiumauma, wakasema ilikuwa inazunguka kwenye simu. Aliifuatilia, na ikamrudisha mtaa wa pili kutoka kiwandani kwake. Akaagiza kamera ya sinema, ya kweli, na lenzi zake, akatangaza: "Kamera hii ni ya mwenye picha. Mmoja. Simpi kamati."

Siku ya kukabidhi, ghala likajaa. Magunia yakawa viti, shuka jeupe likawa kioo. Resti alikaa mbele. Nje alizeti zilikuwa zimeshainamisha vichwa, shamba baada ya shamba, maelfu ya vichwa vinavyotazama chini kama watu kwenye ibada. Hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ya pili. Ilikuwa imekamilika kichwani, ikikosa kamera tu. Wiki ijayo mapanga yanaingia shambani, naye anaingia kaunta. Kwa hiyo hakuja kupigiwa makofi. Alikuja kuchukua.

Filamu ikaanza. Na mara, kutoka nyuma, sauti:

"Sasa mwanamke anapanda jiwe. Jua liko kushoto kwake..."

Resti akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alisema hataki neno! Alisema! Akageuka, amekunja ngumi, tayari kumng'oa Anko Radi kipaza sauti na meno pamoja. Hakukuta kipaza sauti. Radi alikuwa ameinama kwenye sikio la mzee mmoja mwenye kofia ya sufi. Macho ya mzee yalikuwa meupe kama maziwa, yametazama pembeni ya shuka.

Ni Leodgar. Yule aliyekataza maneno, sasa asingeona kitu pasipo maneno. Na mtu pekee aliyejua kumtazamisha mtu sinema alikuwa yule yule ambaye mzee aliapa, siku ile ya kaseti, kutomsamehe kamwe.

Resti akabaki amesimama.

"Anapepeta," Radi akaendelea. "Yanapanda. Yamekuwa dhahabu, mzee, kama yako. Sasa kamera iko nyuma. Tunamwona mtoto. Kapi limetua kwenye kope. Jingine..."

Akanyamaza.

Mzee akamtikisa mkono. "Mbona umenyamaza? Radi! Sema! Amelala, au?"

"Sijui, mzee," akasema Radi.

Watu wote waligeuka. Radi, ambaye hakuwahi kunyamaza hata kwenye sala, alisema hajui.

Taa zikawashwa. Bi Zuhura akasimama kando ya kamera. "Resti, njoo uchukue chako."

"Ngoja!" Mzee Leodgar akanyanyuka, fimbo inagonga sakafu. "Chake kivipi? Ungo, jiwe, mtoto, upepo, mimi niliviona kabla binti huyu hajazaliwa. Mlinicheka. Nimebakiwa na jicho moja linalotofautisha mwanga na giza, na hilo nalo linaondoka. Nipeni kamera niipige Makapi tena, mtu awe macho yangu, kabla halijazimika. Bila mimi, yale yangebaki makapi."

"Shikamoo, mzee," akasema Radi, "lakini yalikuwa makapi! Watu walikurushia chupa. Nani aliyewaliza? Nani aliyeibeba filamu yako mdomoni miaka yote, haina kaseti, haina umeme? Mtoto asingekufa kinywani mwangu, binti huyu asingemtazama kope. Kibanda changu kimefungwa, kila mtu ana sinema mfukoni, na sauti inakatika. Nipeni kamera, nilivyovisema maisha yangu yote vionekane mara moja. Bila mimi, yale yangebaki makapi."

"Mwongo wewe, ulimuua mwanangu!" Sauti ya kike, kutoka kwenye magunia ya mwisho. Ni Mama Paskali, mke wa Leodgar, yule aliyepepeta juu ya jiwe, na pembeni yake amekaa Paskali mwenyewe, askari wa barabarani, ana kitambi cha kusimamisha lori. "Huyu hapa maiti wenu! Siku ile alikuwa anakoroma!"

Ghala likapasuka kwa kicheko. Paskali akainua mkono kusalimia.

"Chekeni," akasema Mama Paskali, na yeye hakucheka. "Makapi yaliisha mapema. Baba Paskali akasema mwanga bado mzuri, tia uwele wenyewe. Nikatia. Akasema rudia. Nikarudia. Ilikuwa mbegu ya msimu, jamani. Upepo ukachukua yote. Nyinyi filamu mliiona, sisi tuliifungia mkanda tumboni. Nipeni kamera. Nitaiuza, ninunue shamba."

"Aiuze?" wakaguna vijana. "Bibi, hii ni sanaa!"

"Sanaa mlikula lini nyinyi?"

Bi Zuhura akamgeukia Resti. "Na wewe, mwanangu?"

Resti angeweza kusema sijawahi kuiona Makapi, na ingekuwa kweli tupu. Baba yake mdogo, karibu na mlango, alimkonyeza aseme hivyo hivyo.

"Nimeyapata yote kwao," akasema Resti. "Ungo ni wa mzee. Kifo ni cha Anko. Uwele ni wa Mama Paskali, na mimi sikujua mpaka leo kwamba ulikuwa chakula cha mtu. Mzee, nimekuheshimu tangu sijakuona. Lakini wewe ulijua mtoto amelala. Anko alijua amekufa. Mimi peke yangu ndiye niliyekataa kujua, na hapo ndipo Anko aliponyamaza, na hapo ndipo wezi wa Dar walipokuja kuiba. Hawakuiba ungo. Ungo ulikuwepo kwenye kila harusi! Waliiba kope. Kope ni zangu. Nimeomba kazi kwa adabu, nimejibiwa kwa dharau, sasa siombi. Alizeti zinakatwa wiki ijayo. Shikamooni wote. Mimi siondoki hapa bila kamera."

Akaweka mkono juu ya kamera. Radi akaweka wake. Mama Paskali akapita katikati ya magunia, akaweka wake. Mzee Leodgar akapapasa hewani, na Resti mwenyewe ndiye aliyemshika kiganja, akamwekea palipobaki nafasi. Hakuna aliyevuta. Wawili kati yao walishajua kuvuta kunafanya nini.

Bi Zuhura akawatazama watu. Watu wakatazama viatu vyao. Sasa zamu yenu, nyinyi mnaojua kila kitu. Msiniambie wagawane, kamera si boga. Msiniambie wapeane zamu, alizeti hazingoji na jicho la mzee halingoji. Yupo aliyeona kwanza, yupo aliyesema picha ilipokufa, yupo aliyetoa chakula cha wanawe kikaenda na upepo, na yupo aliyefanya kile ambacho hata Radi hakukiwezea neno. Mikono ni minne, kamera ni moja.

Je, ni ya nani? Na nani kati yenu atakayewatazama wale watatu wengine usoni, awaambie waondoe mikono?