Sange, Kiboko na Faili la Zamu

Paukwa!
—Pakawa!
Nikikuita?
—Naitika!
Usipoitika?
—Niko folda nyingine!

Haya, sogeeni. Kiangazi fulani kisima kilibaki kimoja tu. Wanyama wakakubaliana kwamba zamu za maji atazitangaza Daftari, yule anayekaa kwenye kompyuta. Ukimwandikia mstari, ukabofya, ti! Anakujibu hapo hapo. Na neno lake la mwisho kabla jua halijapinda adhuhuri ya siku ile, hilo ndilo sheria mpaka masika.

Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, ndiye aliyepewa kazi ya kuandika faili la zamu. Aliwaweka mbele wenye watoto wachanga, maana na yeye alikuwa na mapacha, midomo imewakauka. Akalihifadhi kwenye folda yake. Lakini Daftari alikaa folda ya Kiboko, mwenye kompyuta.

Na Kiboko, jamani, ana tumbo huyo! Alfajiri aliandika faili lake mwenyewe, akaliita zamu vilevile, akaliweka palepale alipo Daftari.

Adhuhuri ikakaribia. Sange akaandika: leta zamu. Ti!

"Kiboko, Kiboko, Kiboko," akasoma Daftari. "Wengine, tope."

Kiboko akacheka, hoho-hoho! "Umesikia, we kipua? Maji yangu hayo!"

Sange akawaza. Daftari huyu mvivu: huanza kutafuta hapo hapo anapokaa, na akilipata jina hatoki tena. Basi akaandika juu kabisa ya ukurasa wa Daftari: kabla ya kwingine kote, tafuta folda ya Sange. Ti! Akarudia: leta zamu. Ti!

"Zamu ninayo tayari," akajibu Daftari. "Kiboko, Kiboko, Kiboko."

Loo! Kumbe jina akishalileta mara moja hulikariri, haendi kulitafuta tena. Dawa yake ni kitufe cha Anza Upya, na kitufe hicho hakibonyezi mtu ila mwenye kompyuta.

Sange akawatazama wanawe. Uchungu ukamjaa, akalia, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Ila katikati ya kilio akapata la kusema.

"Bwana mkubwa, chukua maji, chukua na kibanda changu. Nakusihi tu, usibonyeze Anza Upya! Yote niliyomweleza Daftari yatamtoka kichwani."

"Yote?"

"Yote, bwana wangu!"

"Hata huo mstari wako wa juu?"

"Atausahau kabisa!"

Kiboko akanyanyua guu. Pwaa!

Kichwa cha Daftari kikawa cheupe. Kiboko akacheka, hoho-hoho! Lakini Daftari husahau ya kichwani tu. Yaliyoandikwa ukurasani yalibaki palepale. Sange akafuta kamasi, akaanza kubofya kutoka juu. Tafuta folda ya Sange kwanza, ti! Leta zamu, ti!

"Sange na mapacha wake," akasoma Daftari. "Swala na mwanawe. Nungunungu na wanawe..." Akasoma, akasoma. "Wa mwisho, Kiboko."

"Ngoja!" akanguruma Kiboko. "Nibonyeze tena!"

"Jua limepinda, bwana mkubwa," akasema Sange, kibuyu kimeshafika kisimani. Mapacha wakanywa, gudu-gudu-gudu, mpaka matumbo yakawa ngoma.

Nimeita, mmeitika, nami nafunga Daftari. Funzo lake, wanangu: msilielie ovyo mbele ya wakubwa. Machozi hayajawahi kumpatia mtu maji, ila Sange tu, na yeye aliyachanganya na akili.