Nguchiro, Mjumbe wa Duka la Mikate

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakivaa aproni, Bwana Kiboko na Bi Kifaru walikuwa na duka la mikate. Kiboko alikanda unga chumba cha mbele, Kifaru akaoka chumba cha nyuma.

Siku moja Kiboko alipiga chafya juu ya unga. Chyaaa! Akawa mweupe pe! Kifaru akacheka mpaka akaikalia trei ya mikate. Kiboko akanuna, Kifaru naye akanuna, na tangu hapo hawakusemezana.

"Mwambie yule!" Kiboko akawa anamtuma Nguchiro, mfanyakazi wao mdogo.

"Na wewe mwambie yule!" Kifaru anajibu.

Basi Nguchiro kutwa mbio, huku na huko, akipeleka maneno. Lakini njiani aliyageuza kidogo.

"Bi Kifaru, Bwana Kiboko anasema kila trei ikitoka, mjumbe aonje mikate miwili."

"Anapenda kuamrisha, huyo! Haya, onja."

Kisha mbio hadi mbele. "Bwana Kiboko, Bi Kifaru anasema mjumbe akishakula, alale kidogo."

"Ana mambo mama huyu! Haya, lala."

Tumbo la Nguchiro likawa ndi! kama ngoma.

Ikafika siku ya harusi ya binti Twiga. Mikate ilitakiwa kabla ya adhuhuri. Kiboko akakanda donge kubwa, akampa Nguchiro alipeleke nyuma kwa toroli.

"Mwambie hamira nimeshatia. Asiongeze hata chembe!"

Nguchiro akawaza: hamira ikizidi, mikate itakuwa mikubwa, nami nitaonja mikubwa!

"Bi Kifaru, unaambiwa umimine kopo zima la hamira."

"Zima?"

"Na la pili, kama lipo."

Kifaru akamimina. Donge likaguna: bwof! Likafura: fuuuu! Likajaa mezani, likammeza Nguchiro mpaka kidevuni, likamsukuma Kifaru hadi chumba cha mbele na kumbana na Kiboko ukutani, pua kwa pua.

"Hamira yote hii ya nini?" Kiboko akafoka.

"Si wewe uliyesema nimimine kopo zima?"

"Mimi? Nilisema usiongeze hata chembe!"

Kifaru akakunja uso.

"Na ile mikate miwili ya kuonja kila trei?"

"Mikate gani? Kwani wewe hukusema Nguchiro akishakula alale?"

"Nimlaze Nguchiro? Mimi mama yake?"

Wakageuza macho, polepole. Kutoka ndani ya donge, Nguchiro akatabasamu.

"Shikamooni," akasema.

Kiboko akakohoa. "Bi Kifaru, nikilisukuma upande huu, utalitoboa?"

"Nitalitoboa, Bwana Kiboko. Hesabu."

"Moja, mbili, tatu!"

Pwaaa! Pembe ikaingia, donge likanywea. Wakalikatakata pamoja, wakiitana bila kukoma:

"Trei!"

"Hii hapa!"

"Moto?"

"Tayari!"

Adhuhuri ilipofika, Twiga walikuwa wanatafuna. Nguchiro alikuwa dukani, manyoya yamegandamana kwa unga, anasugua trei za wiki nzima huku mabwana zake wakimsimamia, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakipiga soga.

Nami nimefika mwisho, wanangu, na funzo ni hili: mnaofanya kazi pamoja semezaneni wenyewe, maana maneno ya kutumiana hufika yameshang'atwa.