Ukuta Juu ya Mfereji

Mtu mmoja alikuwa na shamba la migomba mlimani, katikati yake ukipita mfereji wa maji uliochimbwa na babu zake. Jina lake Eliaringa. Kandokando ya mfereji walikuwa wamepanda masale, mmea ambao kwetu Uchagani huonyesha mpaka, na ambao jani lake hushikwa na mkosaji anapokwenda kuomba radhi.

Basi mji ukaja! Ndugu zangu, ulipanda mlima mbio. Leo lami, kesho benki, keshokutwa ghorofa. Mahali alipofunga mbuzi pakagombaniwa na watu wenye suti. Eliaringa akapagawa kwa furaha. Akakata migomba, akang'oa masale, akafukia mfereji, akajenga vyumba kumi na viwili vya kupangisha na kuvizungushia ukuta wa tofali. Vyumba vikajaa kabla rangi haijakauka.

Chini ya shamba lake, mfereji ulikoendelea, aliishi mjane, Ndeshukurwa. Tangu siku ile hakuletewa hata tone, na mboga zake zikafa. Lakini kila mwaka aliuzibua mfereji wake mkavu na kupalilia masale yake. Watu walimcheka. Sijui mngekuwapo mngefanya nini.

Masika yakafika. Siku hizi mvua haiji kwa adabu. Hushuka yote kwa mkupuo. Maji yakafuata njia yao ya zamani, yakakuta ukuta, yakapanda. Wapangaji wakabeba watoto mabegani. Eliaringa akaona: ukuta ukianguka wenyewe, utamzika mjane, ukisimama, utazamisha wapangaji. Akakimbia kuomba radhi, na njiani akakumbuka kwamba hana sale hata moja. Akachuma jani kwenye mpaka wa mjane mwenyewe, akasimama mlangoni pake, akamnyoshea.

Mama yule akalitazama jani, akasema, "Mfereji uko wazi, baba. Lete nyundo."

Wakatoboa ukuta palepale mfereji ulipopita. Maji yakatoka yakinguruma, yakaingia mferejini kwa mjane, yakashuka mtoni bila kugusa kizingiti chake! Watu walipiga vigelegele wakiwa na matope hadi kiunoni. Leo tundu lile lipo bado, masale yamesimama pande zote mbili, na mboga za mjane hulisha vyumba vyote kumi na viwili.

Nanyi mnaojenga kwa haraka, na mjenge, mji ni neema. Ila niambieni: maji yakirudi kudai njia, jani la kuombea radhi mtalichuma kwa nani?