Orodha ya Wanaoruhusiwa Kuingia

Mama mmoja alikuwa anakamua blanketi la tatu, povu limemfika viwikoni, simu ilipolia. Alikuwa mlezi wa nyumba wanakojificha wanawake waliokimbia kupigwa na waume zao. Kwa kuwa alimaliza kidato cha nne na kompyuta haimtishi, ndiye pia aliyetunza kanzidata: majina yao, watoto wao, na chumba anacholala kila mmoja. Kanzidata hiyo haikukaa ofisini. Ilikaa mbali, kwenye kompyuta za kukodi, ikilindwa na orodha ya anwani za mtandao, yaani namba zinazotambulisha mtandao wa mahali ulipo. Anwani yako haimo? Huingii.

"Wewe mama, umefanya nini?" Mkurugenzi alikuwa amewaka. "Mgeni wa wafadhili yuko hotelini, tangu asubuhi anajaribu kuingia anakataliwa!"

"Nimefunga, bosi. Leo nimekuta watu nisiowajua wamejaribu nenosiri mara mia nne."

"Wameingia?"

"Bado."

"Basi! Fungua kwa wote kama ilivyokuwa. Saa moja tu."

"Saa moja inamtosha yule mume anayezunguka mjini na panga akimuulizia mkewe. Mgeni aje ofisini. Nitampa chai, na nitamwonyesha anachostahili kuona."

Mkurugenzi akacheka. "Leo umekuwa mlinzi? Hebu niambie, nani aliandika 'wote' kwenye hiyo orodha? Si wewe mwenyewe?"

Hapo, ndugu zangu, wengi wetu tungeinamisha kichwa. Maana ilikuwa kweli. Nyumbani kwake, kila umeme ulipokatika na kurudi, anwani ya mtandao ilibadilika, naye akajikuta amefungiwa nje ya kanzidata. Siku moja, mtoto mwenye homa yuko mgongoni na kazi haijaisha, alichoka kuandika anwani upya. Akaandika 'wote'. Ni kwa siku mbili tu, alijiambia. Ikapita miezi mitatu.

Sasa ajibu nini? Anao mdomo tena?

"Ni mimi," akasema. "Na kwenye ripoti nitaandika jina langu. Ndiyo maana sifungui."

"Nitaweka mtu mwingine hapo."

"Mweke kesho. Leo nipo mimi." Akakata simu, akarudi kwenye blanketi lake.

Na sisi je? Baba aliyewahi kulewa anamwona mwanawe akiyumba mlangoni, ananyamaza. Mama aliyewahi kusengenya anasikia jirani akichafuliwa jina, anatazama chini. "Nitasema nini, na mimi nilifanya?" Sema hivyo hivyo! Nilifanya, na sasa nafunga. Nani alitudanganya kwamba aliyeacha wazi amepoteza haki ya kufunga? Ukisubiri asiyekosea aje kukufungia, utasubiri mpaka watu wako waishe. Wakikucheka, wacha wacheke huku umeshafunga. Aibu haijaua mtu. Panga linaua.

Mama yule hakujua kama kesho angekuwa na kazi. Jioni alipakua wali na mchicha, akapita kati ya meza akihesabu vichwa kwa kidole. Wanawake tisa. Watoto kumi na mmoja. Akahesabu tena, kisha akawaambia waanze kula, maana wote walikuwapo.